Kuchagua risiva ya hom thieta ambayo kila mtu nyumbani ataiweza

Ukiulizia risiva ya hom thieta, yaani amplifaya inayopokea sauti ya TV na vifaa vingine na kuipeleka kwenye spika, kwenye maduka ya Kariakoo, utaanza kutajiwa wati, yaani nguvu yake. Ziache kwanza. Kwa sebule ya familia, la msingi ni idadi ya rimoti. Bibi akitaka taarifa ya habari saa mbili usiku, awashe TV kwa rimoti yake ileile na sauti itoke kwenye spika.

Kabla hujatoka nyumbani, tazama nyuma ya TV. Tundu mojawapo la HDMI liwe limeandikwa ARC au eARC. Risiva nayo iwe na tundu la HDMI OUT lenye maandishi hayo. Waya mmoja kati ya hayo mawili unaleta sauti ya TV kwenye risiva, na pia unabeba amri za kuwasha, kuzima na kupandisha sauti. Ila amri hizo huruhusiwa kwanza kwenye mipangilio ya vifaa vyote viwili: Samsung wanaziita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync, na kwenye risiva nyingi utakuta HDMI Control au CEC. Ukichomeka kwenye tundu la HDMI lisilo la ARC, sauti ya TV haitafika kwenye spika, na risiva nzima itadhaniwa mbovu bure.

King'amuzi kichomeke kwenye TV moja kwa moja. Kikipitia kwenye risiva, risiva ikizimwa TV inakosa picha, isipokuwa risiva iwe na uwezo wa kupitisha picha ikiwa imezimwa na uwe umeuruhusu. Kama TV ina matundu mawili tu ya HDMI, king'amuzi kibaki kwenye TV na mashine ya gemu iende kwenye risiva.

Usilipe kabla hujaona jaribio hili dukani, kwa TV yenye ARC:

1. Zima vyote, kisha washa TV peke yake kwa rimoti yake. Risiva iwake yenyewe.
2. Pandisha na shusha sauti kwa rimoti hiyohiyo.
3. Zima TV. Risiva nayo izime.
4. Chomoa risiva ukutani kwa dakika chache, rudisha, na rudia hatua ya kwanza. Umeme wa Dar hukatika. Risiva inayosahau mipangilio yake itakuchosha.

Mtumba wa Japani huvutia kwa bei, lakini soma kibandiko cha nyuma. Japani hutumia volti 100, Marekani 120, sisi 230. Transfoma ya kushusha umeme ipo, ila nyumba yenye watu wengi kuna siku mtu atachomeka moja kwa moja ukutani, na risiva itaungua. Chukua iliyoandikwa 220–240 V, 50 Hz, na uiwekee gadi ya umeme. Kingine, ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, hivyo risiva za kabla ya hapo haziwezi kukupa urahisi huu.

Sasa wati. Namba kubwa ya kwenye boksi mara nyingi hupimwa chaneli moja, yaani njia ya spika moja, ikifanya kazi. Tafuta kipimo cha chaneli mbili, omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), masafa ya sauti 20 Hz hadi 20 kHz: wati 50 hadi 80 zinatosha sebule ya mita 4 kwa 5. Hakikisha pia omu za spika zako hazipungui kiwango kilichoandikwa nyuma ya risiva, kwani zikipungua risiva hupata moto na kujizima.

Pima kina cha stendi ya TV. Risiva nyingi zina sentimita 30 hadi 40, na waya za nyuma zinahitaji kama 10 zaidi. Juu acha nafasi ya sentimita 10 angalau, na kitambaa cha kufuma kisiwekwe, kwa sababu joto hutokea huko.

Risiva yenye maikrofoni ya kujipima, inayopanga sauti ya spika kulingana na sebule, kama Audyssey ya Denon au YPAO ya Yamaha, inakuondolea kazi kubwa. Weka maikrofoni kwenye kochi usawa wa masikio, zima feni, na watu wanyamaze. Ikiwa baadaye spika mbili tu ndizo zinazotoa sauti kwenye filamu ya 5.1 (spika tano na moja ya besi), angalia mipangilio ya sauti ya TV: toa PCM, weka Bitstream au Dolby Digital.