Kutoka drams hadi uprodyuza, pita njia ya Butch Vig
Kama uko kwenye bendi ya rock na unataka kuwa prodyuza, usisubiri kuitwa. Prodyuza Butch Vig alikuwa anapiga drams kwenye bendi ya Spooner kule Wisconsin, Marekani, na 1983 yeye na mshkaji wake Steve Marker wakafungua Smart Studios mjini Madison. Anza hivyo hivyo, rekodi bendi za mtaani kwenu hata kwa hela ndogo, ndo utajua maiki inakaa wapi.

Halafu jifunze kuongea na waimbaji, hapa ndo penyewe kabisa! Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, alikuwa hataki kurekodi sauti yake mara mbili zipandane, Vig akamwambia mbona John Lennon wa Beatles alifanya, jamaa akakubali, na albamu yao ya Nevermind, ambayo Vig ndo prodyuza wake, ikatoka 1991. Kwa hiyo mjue msanii wako anamkubali nani. Na drams usiziache, Vig baadaye akaanzisha bendi ya Garbage akiwa mpiga drams.