Namna ya kuchagua kijiji cha Alpi kwa likizo ya theluji na watoto kutoka Mombasa

Jamaa zangu wa Mombasa wanapoamua kuwapeleka watoto kuona theluji, huniuliza kwanza ni nchi ipi iliyo bora kati ya Uswisi, Austria, Ufaransa na Italia. Mimi huwaomba waliweke kando swali hilo, kwa sababu nchi huchaguliwa mwisho. Linalotangulia ni kujua mtoto wenu, ambaye hajawahi kushika barafu isipokuwa ile ya friji, atatembea hatua ngapi kutoka kitandani hadi kwenye mteremko wa wanaoanza huku miguu yake imo ndani ya buti za skii.

Nalisema hili kwa uchungu wa aliyekwisha kukosea. Katika safari yetu ya kwanza nilichagua kituo kilichojisifu kwa mamia ya kilomita za njia za kuteremkia, na nyumba tuliyoipanga ilikuwa mita 600 kutoka kwenye lifti ya kuwapandisha watelezaji mlimani, umbali ambao mwanangu wa miaka mitano huukimbia hapa nyumbani akitumwa dukani. Lakini buti ya skii ni plastiki ngumu inayokibana kifundo cha mguu kisikunjike, na mvaaji hutembea kwa kutua kisigino kwanza, kama anayeshuka ngazi asizoziona. Asubuhi ya tatu mtoto aliketi katikati ya njia, akavua glovu, akakataa kuinuka. Nilimbeba begani, na skii jozi mbili kwapani, na tulipofika darasa lilikuwa limekwisha kuanza. Kwa siku zote sita hakufikisha saa kumi za kuteleza. Zile mamia za kilomita tulizilipia, na hatukuzihitaji hata moja.

Kwa hiyo familia inayoanza isitafute ukubwa wa eneo la skii. Itafute kijiji ambacho mteremko wa watoto, shule ya skii, duka la kukodi vifaa na mahali pa kulala viko karibu kiasi cha kuonana. Ombeni ramani ya kijiji, wekeni alama kwenye nyumba mnayoifikiria na kwenye mahali darasa linapokutania, kisha hakikisheni kama njia ni tambarare au ni kilima. Ofisi ya watalii ipo karibu kila kijiji cha Alpi, nayo hujibu barua pepe kwa Kiingereza, hivyo hakuna sababu ya kukisia. Ulizeni pia kama mteremko huo una mkanda wa kupandishia, yaani utepe unaosogea polepole ambao mtoto husimama juu yake hadi juu, kwa sababu mtoto mdogo hulia sana mbele ya lifti ya kiti inayomfuata kwa nyuma.

Rangi za njia nazo zinapotosha wengi. Ufaransa hutumia kijani, buluu, nyekundu na nyeusi, na kijani ndiyo rahisi kuliko zote. Uswisi na Austria kwa kawaida huanzia buluu, kwa hiyo buluu ya huko hubeba njia laini kabisa pamoja na nyingine zenye mteremko wa kutosha kumtisha mgeni. Msihesabu rangi kwenye ramani mkadhani mmeujua ugumu. Ulizeni moja kwa moja ni njia ipi mtu hupitishwa siku yake ya tatu.

Kalenda ya shule ina nguvu kuliko hata mfuko wa fedha. Watoto wanaosoma mtaala wa Kenya hupata likizo ndefu Novemba na Desemba, kisha ile ya Aprili. Msimu wa skii katika vijiji vingi huanza Desemba na kumalizika Aprili, na theluji yake ya uhakika zaidi ni ya Januari na Februari, wakati watoto wetu wako darasani. Maana yake ni kwamba sisi hufika ama pazia likifunguliwa ama likikaribia kufungwa, na hapo kimo cha kijiji ndicho huamua kama mtapata theluji au matope. Alpbach, katika jimbo la Tirol nchini Austria, ni mfano mzuri wa mtego huu: nyumba zake za mbao zenye roshani zilizochongwa zilikipatia mwaka 1983 sifa ya kuwa kijiji kizuri kuliko vyote Austria, lakini kiko chini kidogo ya mita 1,000, na mzazi wa Mombasa anayefika katikati ya Desemba au wiki ya pili ya Aprili anaweza kuukuta uzuri huo umezungukwa na majani makavu. Kwa tarehe zetu ningetaka kijiji kinachokaribia mita 1,500 au zaidi, na mteremko wa wanaoanza uwe juu zaidi ya hapo ikiwezekana. Kwa Aprili ningetaka mita 1,800. Kimo hicho kisiwatie hofu, kwa maana Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700, na aliyelala Nairobi bila kuumwa kichwa atalala vyema huko.

Wanaofunga watafurahi kujua kwamba kalenda hiyo hiyo inawasaidia. Ramadhani ya 2026 na ya 2027 imeangukia Februari na Machi, na ile ya 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, hivyo likizo ya Desemba au ya Aprili haigongani nayo.

Sasa uzuri wa kijiji. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa uzuri wa mahali pasipo na magari, maana Lamu tunayo. Kushuka kwenye jahazi au boti pale gatini ukasikia nyayo na kwato za punda badala ya honi, na mtoto akaachiwa kukimbia kichochoroni bila mama kushtuka, ndiko kustarehe kwenyewe, na Alpi ina vijiji vya namna hiyo. Kwa mwenye watoto wadogo kukosekana kwa magari si pambo, kwa sababu barabara ya theluji huteleza na dereva hawezi kusimama ghafla.

Cha kwanza ninachokipendekeza ni Saas-Fee, Uswisi, kwenye mita 1,800. Magari huachwa mlangoni mwa kijiji, na ndani hupita magari madogo ya umeme tu. Mteremko wa wanaoanza uko ukingoni mwa kijiji, ni mpana na unalala vizuri, na juu yake kuna barafuto, yaani mto wa barafu ya kudumu, linalofanya msimu uanze mapema na kuchelewa kwisha. Kati ya hoteli bado zimesimama ghala za zamani za nafaka, za mbao zilizoiva zikawa nyeusi, zimewekwa juu ya nguzo zenye mawe bapa ili panya wasipande. Kasoro yake ni kivuli: milima inayokizunguka ni mirefu mno, na Desemba jua hukaa kijijini kwa saa chache. Treni itawafikisha Visp, na kutoka hapo basi la abiria hupanda hadi kijijini.

Serfaus, katika Tirol, ndicho ningekichagua kwa familia yenye mtoto wa miaka mitatu au minne. Kijiji kiko kwenye mita 1,429, lakini viwanja vya watoto vya kujifunzia skii viko juu kwenye kituo cha kati cha lifti, ambako theluji hudumu. Tena kina treni ya chini ya ardhi yenye vituo vinne tu, iliyofunguliwa 1985, inayopita bila malipo kutoka kwenye maegesho hadi kwenye lifti. Mtoto mwenye buti hatembei zaidi ya hatua chache, na kwa hilo peke yake nakiheshimu kijiji hiki.

Wengen, Uswisi, kiko kwenye rafu ya mlima juu ya bonde la Lauterbrunnen, mita 1,274, na hufikiwa kwa treni ya meno, yaani yenye gurudumu la meno linaloshika reli ili isiteleze, inayopanda kwa takribani robo saa. Kinapata jua, na mteremko wa watoto uko katikati ya kijiji, kiasi cha mzazi kunywa chai huku akimwona mwanawe. Ni kizuri mno, lakini kwa tarehe zetu si cha uhakika. Kiwekeni kwa ajili ya familia ambayo shule yake inatoa likizo Februari. Anayefika huko atatamani kupanda treni hadi Jungfraujoch, kituo cha juu milimani kilicho mita 3,454. Asifanye hivyo siku ya kwanza akitoka usawa wa bahari. Alale kijijini usiku mbili tatu kwanza, na watoto wachanga wabaki chini.

Kwa Aprili, Ufaransa ina Avoriaz, mita 1,800, kilichojengwa miaka ya 1960 bila barabara za magari. Majengo yake ya mbao yenye paa za kuinama si ya kale, na anayetaka kanisa la mawe na mabanda ya ng'ombe hatayakuta. Hata hivyo mizigo na watoto hubebwa kwa sleji zinazovutwa na farasi, mtu huvaa skii mlangoni mwa nyumba yake, na katikati ya kijiji kuna uwanja maalumu wa watoto ulioanzishwa na Annie Famose, aliyeshinda medali katika Olimpiki ya 1968. Nyumba nyingi hupangishwa na jiko lake, jambo ambalo kwa familia nyingi za Mombasa ni kubwa.

Nalisema ni kubwa kwa sababu ya chakula. Nyama ya halali ni adimu vijijini, lakini mjini Geneva na Zürich inapatikana, nayo hubebwa ikiwa imegandishwa. Mwenye jiko atapika wali wake na maisha yakaendelea. Mkila mgahawani, jueni kwamba fondue ya jibini ya Uswisi kwa desturi huyeyushwa kwa mvinyo mweupe na mara nyingi huongezwa pombe ya cheri, ilhali raclette ni jibini lililoyeyushwa juu ya viazi tu. Rösti, ambayo ni viazi vilivyokunwa na kukaangwa, wakati mwingine huchanganywa na nyama ya nguruwe, na zabibu za Kaiserschmarrn, yaani chapati nene tamu ya mayai iliyochanwachanwa, huweza kulowekwa kwenye ramu. Ulizeni bila haya. Wahudumu wamezoea maswali ya wasiokula nyama na hujibu kwa adabu.

Chagueni pia kwa kufikiria saa ambazo hamtelezi. Mtoto anayeanza huchoka baada ya saa mbili, na Desemba jua la huko huchomoza mnamo saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Adhuhuri na Alasiri zinakaribiana, na chumba kilicho karibu na mteremko huwapa wanaosali nafasi ya kurudi bila kukosa kipindi. Baada ya hapo pawe na mahali pa kuteleza kwa sleji, uwanja wa barafu, au bwawa la maji moto. Bwawa hasa, kwani mtoto wa Mombasa aliyeshinda kwenye baridi hufunguka akiingia maji ya uvuguvugu.

Wapo watakaowaambia kuwa mtoto wa Pwani na skii ni wapi na wapi. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akapelekwa Austria angali mdogo, na mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya katika skii ya milimani kwenye Olimpiki ya Pyeongchang. Mwandikisheni mtoto shule ya skii tangu siku ya kwanza, mkihakikisha kwamba kuna mwalimu wa Kiingereza kwa tarehe zenu, wala msijaribu kumfundisha wenyewe. Msinunue tiketi ya lifti zote kabla ya kuuliza, kwa kuwa vijiji vingi vina lifti za bure au za bei nafuu kwa wanaoanza.

Mkishachagua kijiji ndipo nchi inapoingia. Viza ya Schengen, ambayo ni moja kwa nchi zote hizi nne, huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, si mapema kuliko miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari, na huhitaji bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Mtoto wa miaka 12 na zaidi huchukuliwa alama za vidole, na anayesafiri na mzazi mmoja hubeba idhini ya maandishi ya mwingine. Someni bima hiyo mstari kwa mstari, maana bima ya kawaida mara nyingi haigusi skii wala helikopta ya uokoaji. Italia, tangu 2022, humtaka kila mtelezaji awe pia na bima ya madhara kwa wengine. Nyumba ipangeni kwa masharti ya kurudishiwa fedha hadi viza itoke.

Nguo msizinunue Ulaya. Katika marobota ya mitumba yanayofunguliwa Kongowea hutokea makoti ya skii ya watoto, mengine yakiwa bado na kamba ya tiketi ya lifti kwenye zipu, na wauzaji huyaachia kwa bei ndogo kwa kuwa Mombasa hayana mvaaji. Nendeni na sweta, mvalisheni mtoto sweta kwanza halafu koti juu yake, hata kama jasho litamtoka palepale, muone kama mkono unafika kiganjani akiinua juu. Pindueni koti mkague mishono ya ndani, na mmwagie maji kidogo begani: yakitiririka, chukueni, yakinywewa, rudisheni. Nguo ya kugusa ngozi isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na kumpoza mtoto. Krimu ya jua ni ya lazima hata kwa ngozi zetu, kwani theluji mpya huweza kuakisi hadi asilimia 80 ya miale inayounguza. Buti, skii na kofia ngumu kodini kijijini, jioni ya kufika, kabla ya msongamano wa asubuhi.