Namna ya kufuatilia mauaji ambayo kijiji kizima kinayajua

Mimi natunza wazee majumbani hapa jimbo la Georgia, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Siku zangu za mapumziko nafuatilia mauaji ya Moore's Ford, ya watu wanne Weusi waliouawa na kundi la Wazungu. Vijana wetu wawili waliozaliwa huku wameniuliza waanzie wapi, maana nao wanataka kuchimba mauaji ya namna hiyo ya kaunti zao. Nawajibu hapa wote kwa pamoja.

Msianze na wauaji. Anzeni na siku. Alhamisi tarehe 25 Julai 1946, jioni, karibu na daraja la Mto Apalachee, kundi la wanaume Wazungu lilisimamisha gari, likawashusha George Dorsey na mkewe Mae, Roger Malcom na mkewe Dorothy, likawamiminia risasi zaidi ya 60. Dorsey alikuwa askari aliyepigana Pasifiki katika Vita vya Pili vya Dunia. Roger alikuwa ametoka jela ya Monroe mchana ule ule, kwa dhamana ya dola 600 iliyotolewa na mkulima Loy Harrison, na Harrison ndiye aliyeshika usukani. Wauaji hawakujifunika nyuso. Harrison akasema hakumtambua hata mmoja.

Sasa shikeni kalenda mrudi nyuma. Julai 14 Roger alimchoma kisu mwana wa mwenye shamba alikoishi, mwingine si Harrison, na ndilo lililomtia jela. Julai 17 ilikuwa kura ya mchujo ya ugavana, ya kwanza Weusi wa Georgia kuruhusiwa na mahakama kushiriki, na Eugene Talmadge alishinda akiwa ameahidi kuwafungia mlango tena. Zipangeni tarehe hizo kwenye karatasi moja, na swali la kwanza litakuja lenyewe: nani alijua gari lile litapita njia ile saa ngapi?

Kisha ramani. Mto ule ndio mpaka wa kaunti za Walton na Oconee. Mimi sikuangalia, nikapoteza Jumamosi tatu nikizungusha mikrofilamu (filamu zenye picha ndogo za kurasa) za magazeti ya upande mmoja tu hadi macho yakawasha. Someni pande zote mbili, na msiyaruke magazeti ya Weusi kama Atlanta Daily World na Chicago Defender.

Sensa ya 1940 iko wazi mtandaoni, na ya 1950 ilifunguliwa 2022. Karani wa sensa alipita nyumba kwa nyumba akifuata barabara, kwa hiyo majina yanayofuatana kwenye ukurasa mara nyingi ni majirani. Nakilini kurasa mbili tatu kwa mkono na mtakuwa na kijiji mkononi: nani anamiliki, nani analima shamba la mwenzake kwa kugawana mavuno. Halafu nendeni kortini mkaulize hati za ardhi. Katika kaunti moja, sitaitaja, karani aliniuliza mara tatu kitabu kile nakitakia nini. Nikamwambia natafuta mipaka ya mashamba. Sikumdanganya.

FBI, wapelelezi wa serikali kuu, walihoji karibu watu 3,000, na jopo kuu la mahakama mjini Athens, yaani raia wanaoamua kama kuna wa kushtakiwa, likakaa wiki kadhaa bila kumshtaki mtu. Katika nakala za faili zilizotolewa, majina mengi yamefunikwa kwa wino. Lakini taipu za zamani kila herufi ilikuwa na upana uleule, kwa hiyo rula inaweza kuhesabu herufi chini ya weusi ule. Nilipima moja nikapata herufi kumi na moja. Jina la ukoo la urefu huo lilikuwa la familia tatu katika orodha yangu ya sensa. Hapo nilifunga daftari, kwa sababu familia tatu si ushahidi, na wajukuu wao wako hai. Jina la namna hiyo msiliandike popote, hata kwenye kikundi cha WhatsApp.

Wazee ndio kazi yenyewe. Huku mzee wa kike huitwa Miss na jina lake la kwanza, kama sisi tunavyosema Bibi Fulani; ukikosea hapo umekwisha. Wa kwanza nilimkabili na swali kavu: ni akina nani? Akaniuliza kama mvua itanyesha. Nilipaswa kujua. Kijijini kwetu aliuawa bibi mmoja kwa tuhuma za uchawi, na mpaka leo ukimtaja watu huanza kusifu mahindi.

Siku hizi nauliza walisali wapi, nani alilima upande gani, watoto walipita wapi kwenda dukani. Mzee mmoja alivuta kopo la chumvi akaliweka katikati ya meza. "Duka lilikuwa hapa." Akaweka la pilipili nyuma yake. "Sisi mlango wetu ulikuwa huku." Nilichora vilevile alivyopanga.

Msisubiri serikali. Jimbo lilifunga faili mwanzoni mwa 2018, na Machi 2020 mahakama ya rufani Atlanta ilikataa kufungua kumbukumbu za lile jopo. Mtakachopata kipelekeni kwanza kwa ndugu wa marehemu, kwa karatasi, wao ndio waamue.

Na nendeni mahali penyewe. Kibao cha ukumbusho kilichowekwa 1999 kiko kando ya barabara kuu ya 78, ila daraja liko maili mbili na ushei kutoka hapo. Mwaka 1991 mwanamume mmoja Mzungu alijitokeza akasema alikuwa na umri wa miaka kumi, amejificha, na aliona kila kitu. Wapo wanaomwamini na wapo wasiomwamini. Nendeni Julai, saa kumi na moja na nusu jioni, majani yakiwa yamefunga. Chuchumaeni kimo cha mtoto, mwangalie barabara.