Somo: Kutoka picha za CT hadi ini linalobonyea kwenye kompyuta

Mfupa ni rahisi: ukipata uso wake umemaliza. Ini likiguswa linabonyea, likikatwa linaonyesha ndani. Kwa hiyo ganda tupu halitoshi, lazima lijazwe.

Hatua ya 1: Picha. Pakua 3D-IRCADb ya taasisi ya IRCAD, Strasbourg, Ufaransa. Ni picha za wagonjwa 20, bure, na ini limeshachorwa na wataalamu, hivyo utajisahihisha. Picha za mgonjwa wa hospitalini kwako usiziguse bila idhini, hata kama jina limefutwa.

Hatua ya 2: Kulitenga ini. Fungua 3D Slicer, programu ya bure ya kuchambua picha za kitabibu. Kila nukta ya picha ina namba ya Hounsfield, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia miale ya X: hewa −1000, mafuta karibu −100, maji 0, ini kama 50 au 60. Mgonjwa akiwa amechomwa dawa ya kung'arisha mishipa, namba ya ini hupanda, basi isome kwenye picha yenyewe. Ukichagua kwa namba peke yake utazoa na wengu na misuli. Pitia kipande kimoja kimoja kwa brashi, hasa ini linapokaribiana na moyo na linapogusa figo ya kulia. Macho yatachoka. Pumzika, kisha rudi.

Hatua ya 3: Uso. Programu itakutolea uso wenye ngazi ngazi kama matuta ya shamba la mlimani. Ukiulainisha kwa njia ya Laplace, inayovuta kila nukta kuelekea wastani wa jirani zake, ini linasinyaa, na ncha nyembamba ya kushoto ndiyo hupotea kwanza. Tumia njia ya Taubin, inayolainisha bila kusinyaza sana. Pima ujazo kabla na baada. Ukipungua sana, rudia.

Hatua ya 4: Kujaza. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Programu za Gmsh au TetGen hujaza ganda kwa piramidi ndogo za nyuso nne. Ini la lita 1.5, kwa piramidi zenye ukingo wa mm 10, linahitaji kama 13,000. Ukipunguza ukingo hadi mm 5 zinafika kama 100,000, yaani mara nane, na kompyuta inaanza kukwama. Tafuta pia piramidi zilizobapa kama kaki. Moja tu inaweza kulipasua ini lote, nawe ukabaki kuhangaika na fizikia isiyo na kosa. Mimi nilipoteza wiki nzima hivyo.

Hatua ya 5: Lipeleke SOFA, programu huria ya kuigiza jinsi viungo vinavyobonyea, iliyoanzia taasisi ya utafiti ya Inria, Ufaransa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikibonyeza anza, ini linadondoka nje ya skrini.*

Hujalishikiza, ndugu. Mwilini ini limefungwa kwa kano kwenye kiwambo, na nyuma limeshikamana na vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Chagua nukta za sehemu hizo, uzigandishe.

*Nimeandika ugumu 5000, ini limekuwa jiwe.*

Hiyo 5000 ni paskali, ila vipimo vyako viko kwa milimita, na faili ya STL, ile inayobeba uso wa ini, haihifadhi kipimo. Ukitumia milimita na nyutoni, kilopaskali 5 inaandikwa 0.005.

*Mwalimu, mimi nafundisha wauguzi. Nataka waihisi sindano mkononi.*

Dada, macho huridhika na picha 30 kwa sekunde, ila mkono hudai nguvu ihesabiwe kama mara 1000 kwa sekunde. Anza na zile 13,000 au pungufu, na piramidi ndogo uziweke pale tu sindano inapoingilia.