Jinsi ya kulisoma Tamko la Haki la 1789 mpaka likuingie
Usianze kwa kukariri tarehe, utachoka bure. Chukua lile Tamko lenyewe la Haki za Binadamu na Raia la Ufaransa, la Agosti 26, 1789, lina vipengele 17 tu unamaliza kwa kikao kimoja, halafu ukifika kipengele cha 1, pale wanaposema watu huzaliwa huru na sawa, simama ujiulize, watu gani hasa? Utamu ndo unaanzia hapo. Wanawake hawakuhesabiwa, mwandishi mwanamke wa Kifaransa, Olympe de Gouges, akaandika tamko lao 1791, na 1793 akakatwa kichwa, inauma kwa kweli. Kisha vuka bahari mpaka Saint-Domingue, koloni la Ufaransa kule Karibi ambalo ndo Haiti ya leo, watumwa waliinuka Agosti 1791, Ufaransa ikafuta utumwa 1794, Napoleon, kiongozi wa Ufaransa wakati huo, akaurudisha kwenye makoloni 1802, Haiti ikajitangazia uhuru 1804. Haiti usiiruke, wengi wanairuka. Ukimaliza rudi usome kipengele cha 1 tena.