Nywila Imara Idarani: Dadu, Maneno Matano na Bahasha Moja

Somo hili limeandaliwa kwa wahadhiri, makatibu muhtasi na mafundi wa maabara ya kompyuta katika idara ya chuo kikuu, mahali ambapo nywila ya mtu mmoja inaweza kufungua alama za mitihani za mwaka mzima. Tatizo lenyewe lilizaliwa chuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilianza kutumia nywila katika mfumo wa CTSS, uliowezesha watu wengi kutumia kompyuta moja. Mwaka 1962 mtafiti wa hapohapo, Allan Scherr, ambaye saa za mashine alizopangiwa hazikumtosha, aliomba faili la nywila lichapishwe, akapata nywila za wenzake wote.

Hatua ya kwanza ni kuacha kubuni nywila kichwani. Kichwa hupita njia zilezile: jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, au jina la idara likifuatiwa na mwaka na alama ya mshangao. Hata methali haifai, iwe ndefu kiasi gani, kwa kuwa “Haraka haraka haina baraka” inajulikana na kila mtu, na mdukuzi huanza na orodha za misemo inayojulikana kabla hajahangaika na herufi mojamoja.

Hatua ya pili ni kuiachia dadu kazi hiyo. Andaeni orodha ya maneno 1,296 ya kawaida, kila neno likiwa na namba ya tarakimu nne zinazotoka kwenye dadu, kuanzia 1111 hadi 6666. Rusha dadu mara nne. Ukipata 3, 5, 1 na 6, chukua neno lililo mbele ya 3516, kisha rudia hadi upate maneno matano, kwa mfano “kobe birika nanga salfa mtandio”. (Mfano huu usiutumie, umeshasomwa na wengi.) Mirusho 20 hutoa michanganyiko zaidi ya trilioni 3,600, hata kama mdukuzi anayo orodha yenu mkononi, ilhali herufi nane ndogo zilizochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa takriban bilioni 209 tu. Ukipata neno usilolipenda, usirushe tena, kwa sababu ukianza kuchagua umerudi kichwani. Tulipoandaa orodha yetu tuliliondoa neno “ng’ombe”, si kwa ubaya wake, bali kwa kuwa kile kialama cha juu hutoka tofauti kwenye simu na kwenye kibodi ya ofisini, na mtu huishia kufungiwa nje ya akaunti yake mwenyewe.

Hatua ya tatu: kila akaunti iwe na nywila yake. Kwa kuwa hakuna awezaye kukariri nywila arobaini, tumia programu ya kutunza nywila. KeePassXC ni ya bure, na huhifadhi kila kitu katika faili lililofungwa kwa usimbaji (maandishi hugeuzwa yasisomeke bila nywila) ndani ya kompyuta yako, hivyo hufanya kazi hata mtandao unapokatika. Nakala ya faili hilo ikae kwenye flashi iliyofungiwa kabatini.

Hatua ya nne ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuombwa uthibitisho wa pili baada ya nywila, kama msimbo wa kwenye simu, ukianza na barua pepe, kwa maana anayeishika barua pepe yako anaweza kubadili nywila za akaunti nyingine nyingi.

Hatua ya tano ni bahasha. Nywila ya msimamizi wa seva iandikwe kwenye karatasi, itiwe katika bahasha iliyosainiwa juu ya gundi, na kuwekwa katika sefu ya mkuu wa idara. Atakayeifungua aandike daftarini siku na sababu, na nywila ibadilishwe siku hiyohiyo.

Maswali ya wanaidara

*Katibu muhtasi: Mwalimu, mkuu wa idara hunipa nywila yake ili nimjibie barua. Nikatae?*

Huna haja ya kumkatalia bosi. Mwombe msimamizi wa mifumo akupe ruhusa ya kufungua sanduku la barua pepe la mkuu, ili uingie kwa nywila yako mwenyewe na ijulikane nani alijibu nini.

*Mhadhiri: Mbona zamani tulilazimishwa kubadili nywila kila baada ya siku 90?*

Kanuni za aina hiyo zilienezwa na mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwandishi wake, Bill Burr, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri ule, na mwaka huohuo NIST ikaacha kupendekeza kubadili nywila kwa kufuata kalenda. Mtu aliyelazimishwa hubadili tarakimu ya mwisho tu. Badili unaposhuku kuwa imevuja.

*Fundi wa maabara: Je, mhadhiri anaweza kuingiza matokeo akiwa kwenye kompyuta za wanafunzi?*

Hapana. Kifaa kidogo kilichochomekwa kati ya kibodi na kompyuta hunasa kila kinachobonyezwa, na mbele yake maneno matano na neno moja ni sawa. Chungulia nyuma ya mashine hizo kila wiki.

*Mwanafunzi wa uzamili: Naweza kuiandika mahali hadi niizoee?*

Unaweza, mradi karatasi ikae kwenye pochi yako, si chini ya kibodi. Ukishaikariri, ichome au uichane vipande vidogo. Usiitupe nzima kapuni.