Land Rover ya mjomba kwa makopo ya soda

Mimi ni fundi simu hapa Mtwara, kibanda changu kiko Chikongola. Nikishafunga jioni, koleo zilezile, kioo kilekile cha kukuzia na taa ileile huhamia kwenye magari madogo. Nimeunda Land Rover yenye urefu wa milimita 185, na wanaoiona huniuliza nimeinunua wapi. Sikununua hata tairi. Ni makopo ya soda, bomba la maji na ndala zilizochakaa. Nitaeleza nilivyofanya, nikianza na kosa lililonifanya nilitupe gari la kwanza.

Lile la kwanza lilikuwa na vipimo sahihi vya urefu na upana, lakini kila nikilitazama naona mdoli wa mtoto. Nilikaa nalo wiki mbili bila kuelewa. Kisha nikapima unene wa plastiki niliyotumia, plastiki ya ndoo: milimita 2. Kipimo changu ni 1:24, yaani kila kitu kimepungua mara 24. Milimita 2 mara 24 ni milimita 48, karibu sentimita tano. Nilikuwa nimeunda gari lenye bati nene kama ubao wa kitanda! Jicho haliwezi kukutajia namba hiyo, ila linaiona kwenye kila ukingo: wa mlango, wa dirisha, wa matao ya matairi. Bati la kopo la soda lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Zidisha kwa 24, unapata milimita mbili na ushei, na hapo umeshalikaribia bati la gari. Tangu siku hiyo, kabla sijakata kitu chochote, nauliza unene wake kwanza.

Chagua gari unaloweza kulishika. Picha za mtandaoni zinasaidia, lakini hazikuonyeshi chini ya bodi. Mimi nilipanda gari hadi Newala, kwa mjomba wangu, ambaye Land Rover yake ya pikapu, ya inchi 109, toleo la Series III, imebeba korosho misimu mingi na sasa imepumzishwa chini ya mwembe.

"Shikamoo mjomba. Naomba kuipima gari."

"Marahaba. Unataka kuinunua?"

"Nataka kuiunda."

Alinishikia upande mmoja wa futi siku nzima, na kila tulipofika mahali bodi ilipobonyea alinieleza ilivyotokea. Andika na hayo. Usiunde Land Rover tu. Unda hiyo moja uliyoishika.

Pima kwa milimita, gawa kwa 24, andika kwenye daftari lenye mchoro wa kila upande. Inchi 109 ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma: milimita 2769, kwa hiyo kwangu ni 115. Upana wa milimita 1676 unakuwa 70. Usukani wa sentimita 43 unakuwa milimita 18. Ukipiga picha, weka rula ndani ya picha, na simama mbali kidogo ili kingo zisipinde.

Mifupa ya gari natengeneza kwa bomba la PVC. Lipasue kwa urefu, litumbukize kwenye maji yanayochemka hadi lilegee, kisha libane kati ya vigae viwili mpaka lipoe, litatoka bapa. Usilipitishe kwenye moto, moshi wake ni sumu. Chesisi ni ngazi: nguzo mbili ndefu na vipande vya kukatiza, vikishikwa na gundi ya mafundi bomba. Juu yake simamisha fremu ya kabini ya dereva na ya bodi ya nyuma. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo kazi nzima ilipo: fremu isifike kwenye kingo. Irudishe ndani milimita 3 kutoka kila ukingo utakaoonekana, ili pale kwenye ukingo libaki bati peke yake.

Kopo lifungue kwa mkasi, ondoa juu na chini, kisha livute huku na huku kwenye pembe ya meza hadi lisahau mviringo wake. Vaa glovu, linakata kama wembe. Lisugue pande zote mbili kwa msasa namba 400, kwa sababu ndani lina utando wa plastiki na nje lina wino, na gundi itashika utando badala ya bati.

Ripiti, zile nukta za misumari inayoshikilia bati, zipige kabla ya kubandika. Laza bati kifudifudi juu ya kipande cha ndala, chora mstari kwa penseli, na ubonyeze nukta moja moja kwa kalamu ya wino iliyokwisha. Mkono uwe mwepesi: ripiti iliyotuna mno inarudi kuwa ya lile gari lenye bati la milimita 48. Kwenye mlango mmoja nilipiga 40 na zaidi, nikaurudia mara tatu, na sijutii. Madigadi ya mbele nayakunja juu ya kalibu ya mpingo niliyopewa na mchongaji mmoja, masalio ya kinyago. Mti mwingine unabonyea ukisugua bati juu yake, mpingo haubonyei. Kisha bandika kwenye fremu kwa supagluu, tone dogo la ncha ya sindano.

Taa za mbele ni vifuko vya plastiki vya vidonge vidogo, na karatasi yake ya kung'aa inakaa nyuma kama kioo. Matairi nayakata kwenye kisigino cha ndala kilicholika, pale penye unene wa milimita 8. Toboa katikati, pitisha bolti, lizungushe kwa mashine ya kutobolea huku ukilisugua kwa msasa hadi kipenyo kifike milimita 33. Waya za injini ni nyuzi za chaja mbovu.

Viti na turubai vilinisumbua. Kitambaa chochote, hata kile laini kabisa, kwenye gari lililopungua mara 24 uzi wake unaonekana kama kamba ya mashua. Karatasi ya mfuko wa majani ya chai ndiyo iliyokubali: itoe majani, ikaushe, ipake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, ikunje ingali mbichi.

Rangi puliza nje, siku kavu, saa nne asubuhi hadi saa sita mchana kabla upepo haujaleta mchanga. Hapa pwani hewa ina maji mengi, na ukipuliza wakati wa masika rangi inaota ukungu mweupe. Praima, rangi ya kutangulizia, kwanza, kisha tabaka tatu nyembamba. Tabaka nene litameza ripiti zote ulizokesha nazo.

Kwenye kulichakaza gari ili lionekane limetumika, wengi wanapaka kutu kila mahali. Bodi ya Land Rover hizi ni aloi ya alumini, haioti kutu nyekundu. Kutu iweke kwenye chesisi, springi na rimu, ambavyo ni chuma. Pale alumini inapokutana na bolti ya chuma hutokea unga mweupe. Nukta chache za rangi nyeupe iliyofifia zinatosha. Kwenye kingo zinazoguswa na mikono, kwangua rangi kidogo kwa kijiti cha meno, na alumini halisi ya kopo itachungulia.

Vumbi nililitoa Newala kwenye chupa ya dawa, udongo mwekundu wa uwanjani kwa mjomba. Niliuchekecha kwenye soksi ya nailoni mara tano, nikaupaka kwa burashi kavu kwenye matao ya matairi na sakafuni kwa dereva.

Nilipompelekea, mjomba aliiweka kiganjani, akaizungusha taratibu hadi upande wa kulia. "Na ile waya ninayofungia mlango?" Nilikuwa nimeisahau. Nilichomoa uzi mmoja wa shaba kwenye chaja ya simu yangu, nikausokota kwenye kitasa palepale, yeye akinimulikia tochi.